Bunju wa Kulwa

Sebule yetu ya Katoro ilikuwa na harufu mbili ambazo hazikupatana hata siku moja. Upande wa mlangoni kulinuka dawa ya kuchua, ile kali ya kuwasha macho, kwa sababu hapo ndipo kilipowekwa kitanda cha pacha wangu Kulwa ili aone watu wanaopita barabarani. Upande wa pili, chini ya dirisha, kulinuka maji yaliyolala, matope na samaki mbichi. Wageni walikunja pua kwanza, ndipo wakasalimia. Mama alikuwa anaona aibu, kwa hiyo alifungua madirisha kila mara, lakini vumbi la barabara ya kwenda Ushirombo nalo halikungoja kukaribishwa. Kulwa akianza kukohoa madirisha yalifungwa, na harufu zetu zikarudi zote mbili. Mpaka leo nikipita dukani nikakutana na dawa ile ya kuchua, kinachonijia kichwani kwanza si ugonjwa, ni samaki.

Kulwa na mimi tulikuwa mapasa, kama Wasukuma wanavyowaita pacha. Yeye alitangulia kutoka, mimi nikafuata, kwa hiyo yeye akawa Kulwa na mimi Doto. Kwetu majina hayo hayachaguliwi. Tuligawana tumbo la mama, kitanda, na kidevu kilichochongoka ambacho watu walikitania, ila ugonjwa hatukugawana. Kulwa alizaliwa na selimundu, mimi nikaponyoka. Maumivu yalimshika bila kupiga hodi, leo miguuni, kesho kiunoni, mara nyingine kifuani, akalia mpaka sauti ikakauka akabaki anafungua mdomo tu. Macho yake yaligeuka manjano. Alipelekwa Geita akaongezewa damu, akarudi anacheka, kisha akaanguka tena. Mwaka ule mimi nilikuwa darasa la tatu, na Kulwa naye alikuwa darasa la tatu kwa maana ya kwamba alikuwa na sare. Nilimwonea wivu kwa kubebwa na nilimwonea huruma, mara nyingi yote mawili kwa wakati mmoja.

Baba alikuwa mchimbaji mdogo. Popote iliposikika rashi, yaani pale dhahabu inapotoka ghafla na watu wakakimbilia, baba alifunga kibegi chake akaondoka, na kila mara aliahidi kwamba safari hii tutahamia Mwanza karibu na madaktari wakubwa. Sikumchukia kwa ahadi zile. Nadhani kukaa nyumbani akimsikiliza mwanawe analia kulimshinda, na shimo refu chini ya ardhi alilimudu. Tulibaki na mama, na bibi mzaa baba aliyekuja kutoka Ushetu kumsaidia.

Bibi alikuja na sheria zake, na nyumba nzima ilizifuata. Mgonjwa, alisema, hapewi chakula cha kutafuna, kwa sababu kutafuna kunakula nguvu na nguvu zenyewe ziko wapi. Tena mapasa hawabaguliwi katika kula. Akipewa mmoja, na mwenzake apewe kile kile siku ile ile, la sivyo mmoja wao ataumia, na bibi hakuwahi kutufafanulia ni yupi. Ukiziunganisha sheria hizo utaona maisha yangu yalivyokuwa. Kulwa alilala kitandani akanyweshwa uji wa ulezi, na mimi niliyetoka kuruka kamba mpaka jasho linanitiririka, nikakalishwa chini nikanyweshwa uji wa ulezi. Wali uliopondwa, ndizi zilizopondwa, maziwa ya mgando. Nilikuwa na njaa ya meno, sijui niiite vipi. Shuleni wenzangu walikuja na michembe mfukoni, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, wakaitafuna mikavu mpaka unasikia inavyovunjika mdomoni mwa mtu aliyekaa dawati la mbele. Mimi niliwatazama tu. Niliamini kabisa kwamba nikitafuna mimi, ataumia Kulwa.

Vuli ile Kulwa akaacha kula. Hakuwa na kisa chochote, aligeuza tu uso ukutani kijiko kilipokaribia. Muuguzi wa zahanati alimwambia mama bila kuzunguka kwamba mtoto huyu asipokula, damu watakayomwongezea haitamfikisha mbali. Tangu siku hiyo mama alibadilika. Alimbembeleza, akamwimbia, akamtishia bakora ambayo sote tulijua hataishika, kisha akaenda jikoni akalia huku amewasha redio kwa sauti kubwa ili tusimsikie. Tulimsikia.

Ndipo mjomba akaleta samaki. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa dereva wa lori la dagaa kutoka Kigoma, na alikuwa mtu wa kupenda watoto ambaye hakujua kitu cha kusema mbele ya mtoto mgonjwa. Safari moja wavuvi wa huko walitoa kwenye wavu samaki mdogo wa ajabu, mnene wa kichwa, mgongo wenye michoro ya njano na nyeusi iliyopindana kama njia za sisimizi, macho mawili makubwa yanayozunguka kila moja kwa wakati wake. Hawamli, walimwambia, wakamtajia na jina, na mjomba akalisahau njiani. Alimsafirisha ndani ya dumu alilolikata mdomo, akisimama kila penye maji safi kumbadilishia. Kuhusu nyumba ya samaki, alikwenda kwa fundi wa aluminiamu pale sokoni, yule aliyekuwa akitengeneza makabati ya vioo ya kuwekea chipsi, akamwambia amtengenezee moja la kuziba chini. Fundi alilitengeneza vizuri sana, hata akaacha kitundu cha kupitishia waya wa taa ya kupashia viazi. Tuliliziba kwa gundi, na bado lilivuja kidogo kidogo kwenye kona moja, ambako bibi aliweka sufuria.

Kulwa alimpa jina la Bosi. Katoro ya wakati ule ilijaa mabosi, wanunuzi wa dhahabu wenye matumbo yaliyowatangulia, na samaki wetu alipotishwa na paka wa jirani alijaza maji tumboni mpaka akawa duara kabisa, amesimama katikati ya kabati la chipsi akitutazama kwa dharau. Kulwa alicheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kinafananaje. Bosi hakuwa kama samaki wa sokoni, ambao hata wakiwa hai wanaonekana wamekwisha kufa. Alikuja kwenye kioo mtu akikaribia, akamfuata kwa macho, na alionekana kumtambua Kulwa kuliko sisi wote. Watu walikuja kumtazama na kila mmoja alikuwa na lake. Huyu alisema ni mtoto wa kambale aliyeharibika, yule akasema ni chura wa aina fulani, mwendesha bodaboda mmoja akaapa kwamba amemwona Chato ziwani akiwa mkubwa kama mbuzi. Umeme ukikatika na kipampu cha hewa alichokileta mjomba kikazima, mimi na mama tulichota maji kwa kikombe tukayamwaga tena kutoka juu ili apate pumzi.

Siku ile ile aliyofika Bosi, Kulwa alitoa sharti. "Bosi akila, na mimi nakula." Mama alilipokea sharti hilo kwa mikono miwili. Bibi naye alitoa hukumu kwamba kiumbe kinachokaa chumba kimoja na mgonjwa, tena kinachokula pamoja na mapasa, kitakula wanachokula mapasa. Kwa hiyo Bosi alipikiwa. Mama alichemsha minofu ya sato, akatoa miiba yote, akaiponda kwa mwiko mpaka ikawa laini. Dagaa alitolewa vichwa, akalowekwa. Bosi alikula, Kulwa akala, na mimi nikala pamoja nao, kijiko kwa kijiko, sote watatu vitu laini. Kwa miezi kadhaa tulikuwa nyumba yenye furaha. Mashavu ya Kulwa yakarudi. Mama akaanza kuimba bila kumwimbia mtu.

Kisha Bosi naye akaacha kula. Kwanza alichukua chakula akakitema. Halafu akawa anakisogelea, anakigusa, anakiacha kizame. Tumbo lake likaingia ndani, kichwa kikabaki kikubwa juu ya mwili uliokonda, na Kulwa aliyaona yote hayo kutoka kitandani. "Bosi hajala," alisema kila mama alipokuja na bakuli, kwa sauti ya upole, kama anayemkumbusha jambo walilokubaliana. Wala hakuwa na kiburi. Yeye aliliona sharti lile kuwa neno la haki.

Sijawahi kumwona mtu mzima amekata tamaa namna ile. Mama aliacha genge lake la nyanya akawa anashinda mnadani na sokoni akitafuta kitu ambacho samaki atakipenda. Alijaribu sangara, alijaribu furu, alijaribu maini ya kuku yaliyosagwa, na kila kilipokataliwa alikisaga zaidi, akaamini tatizo ni kwamba bado ni kigumu. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya kabati la chipsi, paji la uso limegusa kioo, anasema, "Kula, baba. Kula basi, nakuomba." Nilitaka kucheka, nikarudi nyuma polepole nikatoka nje. Akina mama wa jumuiya ya kanisani walipokuja kumwombea Kulwa, aliwanong'oneza wamkumbuke na samaki, na mmoja wao akasema yeye hawezi kumpelekea Mungu habari za kitoweo. Mama aliinamisha kichwa, na nadhani alimwombea samaki peke yake. Kulwa alianza tena kulia miguu, na tulijua wote, hata mimi, kwamba tunarudi kule tulikotoka.

Mama Zuhura ndiye aliyemtambua samaki. Alikuwa jirani yetu wa nyumba ya tatu, muuza khanga, mzaliwa wa Pangani aliyefuata mume katika nchi ya dhahabu na kulalamika juu ya vumbi tangu siku ya kwanza. Kwa muda wote ule hakuwa ameingia sebuleni kwetu, alikuwa akisalimia mlangoni tu kwa sababu ya ile harufu. Siku hiyo alikuja kumjulia hali mgonjwa. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa, kisha kwa udadisi akagonga kioo kwa kidole. Bosi, pamoja na unyonge wake, akajaza tumbo. Mama Zuhura alirudi nyuma mpaka akagonga kitanda.

"Mama Kulwa, huyu mwamjua?"

"Ni samaki wa Kigoma, mama. Kaka ndiye aliyemleta."

"Huyu bunju huyu. Kwetu pwani akiliwa, nyumba nzima yazikwa. Mtoeni humu ndani, mna mgonjwa."

Mama alishika kichwa. Bibi akaanza kusema kwamba tangu mwanzo yeye alikuwa na mashaka, jambo ambalo halikuwa kweli. Kulwa ndiye aliyekuwa mtulivu. Alijiinua kwa kiwiko akasema, "Shikamoo, Mama Zuhura. Sisi hatumli. Ila nataka kujua yeye anakula nini." Mama Zuhura alishangaa kuulizwa swali la maana na mtoto ambaye yeye alikuja kumpa pole. Akamjibu vizuri, kama mtu mzima mwenzake. Alisema bunju ana meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku, kwamba wavuvi wa kwao hawamtii kidole mdomoni, kwamba anakata ndoano, anavunja kaa na chaza na konokono wa baharini, na ukipita kimya kwenye maji madogo waweza kumsikia akiyavunja magamba.

Alipoondoka, Kulwa aliomba kitanda kisogezwe mpaka kwenye kioo. Alimtazama Bosi mchana wote. Aliniagiza nitumbukize kipande cha mnofu, nikitoe, nikitumbukize tena. Kisha akamwita mama. Mama alikuja na bakuli mkononi, akadhani ameitwa kulisha.

"Mama, Bosi hakatai. Hawezi. Meno yamekua mpaka yameziba mdomo. Anataka kula, tazama anavyokuja. Hawezi tu."

Mama alitazama. Mimi pia nilitazama, na mara nikaona kile ambacho tulikuwa nacho mbele ya macho siku zote. Meno ya juu yalikuwa yamerefuka yakapita ya chini, mdomo ukabaki na upenyo ambao hata punje ya wali isingepita kwa urahisi. Tulikuwa tumemlainishia chakula kwa upendo mpaka meno yake yakakosa kazi, na kila tulipomhurumia zaidi tulimfunga mdomo zaidi. Mama aliweka bakuli sakafuni. Hakumwangalia samaki tena, alimwangalia Kulwa, akamuuliza polepole, "Na wewe, baba? Wewe ulikuwa unakataa?" Kulwa akatikisa kichwa. Alisema uji unapomfika kooni unarudi wenyewe, na kwamba alitamani kitu cha kutafuna lakini aliogopa kuniumiza mimi. Nililia kwa sauti. Miaka yote ile mimi nilikuwa najinyima kwa ajili yake naye anajinyima kwa ajili yangu, na hakuna hata mmoja aliyemwambia mwenzake.

Kesho yake Mama Zuhura aliletwa karibu kwa kuburutwa. Alimshika Bosi ndani ya beseni kwa kitambaa kilicholowa, huku amegeuza uso na anasoma dua, na mama akamkata meno kwa kikata kucha, kile cha kutukatia sisi. Alikata kidogo kidogo, akisema pole, pole, pole. Bosi alijaa, akanywea, akajaa tena. Kisha mama na mimi tulikwenda kwenye majaruba ya mpunga nje ya mji tukaokota konokono wadogo, tukawaosha, tukawatumbukiza. Samaki aliwazunguka. Akamsogelea mmoja, jicho moja kwake na jicho moja kwetu, akauma, na sote tukasikia gamba linavunjika. Kulwa alipiga makofi kwa mikono iliyovimba. "Sasa na mimi," akasema. "Naomba michembe. Ya mimi na Doto."

"Yaya," akasema bibi, yaani hapana, na akaweka mguu mlangoni pa jikoni. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mama alimpita mama mkwe wake bila kuomba radhi. Alirudi na michembe mikavu kwenye ungo, akaigawa sawasawa, kwa sababu hata katika uasi wake hakuthubutu kuvunja ile sheria ya pili. Tuliketi kitandani tukatafuna, taya zinauma, makombo yanaanguka kwenye shuka, na upande wa pili Bosi anavunja magamba. Sijawahi kula kitu kitamu vile. Kulwa alikula siku ile, na iliyofuata, na msimu wote wa mavuno.

Alifariki kipupwe kilipoingia. Hakufa kwa njaa, nataka hilo lieleweke. Alishikwa na homa na kifua asubuhi moja ya baridi, na tulipofika Geita alikuwa ameshatutoka kwa namna ambayo ilikuwa imebaki tu kuambiwa. Bibi alishikilia kwamba pacha haliliwi, akawakataza waombolezaji kupiga yowe, kwa hiyo msiba wa kaka yangu ulikuwa kimya, na mimi kimya kile kiliniumiza kuliko kifo. Baba alifika baada ya maziko, vumbi la shimoni bado liko kwenye nyusi. Bibi alisema mara moja, mara moja tu, kwamba ni ile michembe. Mama akawa anasukuma sahani, akaanza kukonda, na mjomba alipomchukua Bosi kumrudisha Kigoma, hakutoka nje kuaga.

Sasa ninaishi Shinyanga mjini. Kwa simu yangu nimepiga picha za samaki wa kila aina katika hoteli na kwenye maduka ya wafugaji, na simu inanitajia jina kabla sijashusha mkono. Nimesoma kwamba hata Ziwa Tanganyika lina bunju wake, kwamba meno ya bunju hayaachi kukua maisha yake yote, na kwamba kila mfugaji anajua ampe magamba tangu siku ya kwanza. Tulichokitafuta kwa magoti mtu mwingine mahali fulani alikuwa anakijua, kimeandikwa, naye amelala usingizi wake. Ujuzi huu haujanifurahisha. Binti yangu Neema alipimwa damu akiwa mchanga, na walipotuita mimi na mume wangu ndani nilijua kabla ya kuambiwa kwamba ni selimundu. Lakini Neema ana kliniki yake, na kila asubuhi anameza kidonge kimoja, anakunywa maji mengi, anagombana na mimi juu ya nywele, anakimbia shule. Anaugua, ndiyo, ila amemaliza darasa la tatu akiwa darasani.

Mama alikuja kututembelea mwezi uliopita. Ni mzee sasa, magoti hayapandi ngazi. Asubuhi, sahani yake ya chai haijaguswa, alimtazama Neema anameza kidonge, akaomba kichupa cha vidonge, akakigeuza mkononi ingawa maandishi hayaoni.

"Ni hiki tu?"

"Ni hicho tu, mama. Na maji, na kutopigwa na baridi."

Neema alibeba begi, akamuaga bibi yake, akatoka. Mama bado alikuwa ameshika kichupa.

"Doto, hii dawa imeanza lini?"

Ninalijua jibu. Nilimuuliza daktari siku ya kwanza, kwa sababu nilikuwa na swali hilo hilo, naye akanijibu bila kujua anamjibu nani. Ilikuwepo. Kulwa alipokuwa kitandani pale mlangoni ilikuwa tayari inamezwa na watoto wa watu katika nchi nyingine, ilikuwa haijatufikia tu, wala hakukuwa na mtu wa kutuambia tuiulizie.

"Imetoka juzi juzi tu, mama," nikasema. "Zamani haikuwepo popote."

Mama akashusha pumzi, akarudisha kichupa mezani. "Basi," akasema, na akavuta sahani yake, akaanza kula.